LISI YA ARDHI: Historia Yake Katika Nchi ya Kitale, na Mambo Yampasayo Mwenye Kununua au Kuuza

Taarifa ya mwaka ya chama cha kusaidiana hueleza hesabu za fedha, habari za wagonjwa na waliofiwa, na karo za watoto. Walakini kuna msiba mmoja ambao hauonekani katika hesabu hizo, nao ni msiba wa mtu aliyeweka akiba miaka mingi, akanunua ploti, akajenga, kisha akaambiwa ya kuwa alichonunua hakikuwa cha muuzaji kuuza, au kwamba muda wake ulikuwa umekaribia kwisha. Hapa Matisi, ubavuni mwa mji wa Kitale, wamo watu waliotoka Bungoma, Mlima Elgon, Kakamega, Pokot na kwingineko, na wengi wao hawakurithi ardhi hapa bali waliinunua. Mtu aliyerithi ana wazee wa kumshuhudia mpaka wake. Mtu aliyenunua hana shahidi ila karatasi. Kwa hiyo imeonekana vema kueleza karatasi hiyo ilitoka wapi, ina nguvu gani, na mwisho wa nguvu zake ni wapi.

LISI NI NINI

Katika Kenya mtu humiliki ardhi kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni milki ya daima, isiyohesabiwa miaka. Ya pili ni milki ya kukodi, ambayo watu huiita lisi. Katika lisi, mwenye ardhi, ambaye mara nyingi ni Serikali ya nchi au ya kaunti, humpa mtu haki ya kuitumia kwa miaka iliyotajwa, kwa kodi na kwa masharti yaliyoandikwa. Miaka ikiisha, ardhi humrudia mwenyewe pamoja na majengo yaliyo juu yake, isipokuwa lisi imeongezwa au imetolewa upya.

Basi yafaa ifahamike tangu mwanzo ya kuwa mtu anunuaye lisi hanunui udongo. Hununua miaka iliyobaki. Hununua ruhusa ya kutumia mahali pale kwa kazi iliyotajwa. Na pamoja na hayo huyachukua mabegani mwake masharti yote aliyoyakubali mwenye lisi wa kwanza. Kwa sababu hiyo maswali matatu hayana budi kuulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ni nani aliyeitoa lisi hii, na je, alikuwa na mamlaka ya kuitoa? Imebaki miaka mingapi? Ni idhini ya nani inayotakiwa ili ihamie kwa mtu mwingine? Maswali haya si mageni katika nchi hii. Kwa maswali haya haya wazee wetu walinyimwa ardhi, na kwa haya haya watoto wetu wanaweza kuilinda.

ASILI YA LISI KATIKA NCHI YETU

Amri ya Uingereza ya mwaka 1901 ilitia ardhi mikononi mwa mjumbe wa Mfalme aliyetawala hapa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 ikampa uwezo wa kuikodisha kwa muda usiozidi miaka 99. Walowezi wa Kizungu hawakuridhika. Walisema miaka 99 ni michache kwa mtu anayefyeka pori na kujenga. Sheria ya mwaka 1915 ikawaitikia: lisi za mashamba zikafikia miaka 999, na za viwanja vya miji zikabaki miaka 99. Sheria hiyo hiyo ilisema ya kuwa hata ardhi walimokaa Waafrika ni mali ya Mfalme. Mwaka 1921 mahakama ya koloni, katika kesi ya Isaka Wainaina, ilieleza maana ya maneno hayo: Mwafrika alikuwa mpangaji tu wa Mfalme, akikaa kwa ridhaa yake, na ridhaa hiyo ingeweza kuondolewa. Tazama tofauti. Mmoja alihakikishiwa karne kumi kasoro mwaka mmoja, na mwingine hakuhakikishiwa hata msimu mmoja wa mahindi.

Nyanda za Trans Nzoia, ambazo Wasabaot na Wabukusu husimulia katika historia zao kuwa malisho na makao yao, ziligawiwa kwa sheria hizo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, Serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari waliotoka vitani, na mengi ya mashamba hayo yalikuwa Trans Nzoia. Majina yalipigiwa kura. Askari wa Kiafrika wa KAR, na wale wachukuzi wa mizigo waliokufa kwa maelfu katika nchi ya Tanganyika, hawakuwamo katika kura hiyo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na bei ya ardhi ikapanda. Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi alitawaliwa na sheria ya mwaka 1918, iliyomtaka afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Hakuwa na lisi. Alikuwa na ruhusa, na ruhusa ilikwisha pamoja na kazi.

Kuna jambo jingine katika sheria ya mwaka 1915 ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza zaidi nguvu ya lisi. Sheria ilimpa Gavana uwezo wa kukataza uuzaji wa ardhi kati ya watu wa rangi mbalimbali. Hivyo hata kama Mwafrika au Mhindi angekuwa na fedha, na mlowezi angekuwa tayari kuuza, mapatano yao yangeweza kufutwa kwa neno moja. Amri ya mwaka 1939 ikaweka mipaka ya nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu, na sheria ya mwaka 1944 ikaongeza usimamizi wa kila uuzaji ndani ya mipaka hiyo. Twaona basi ya kuwa mlango haukufungwa kwa bei peke yake. Ulifungwa kwa sharti la idhini.

MLANGO ULIVYOFUNGULIWA

Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, ilishauri ya kuwa vizuizi vya rangi katika ardhi viondolewe. Mwaka 1959 Serikali ilitangaza nia ya kufanya hivyo, na mwaka 1960 sheria ikabadilishwa. Mwaka huo huo zilitolewa kanuni za kumruhusu mwenye lisi ya shamba kuigeuza kuwa milki ya daima. Ndiyo maana mtu akichunguza asili ya mashamba mawili yanayopakana katika Trans Nzoia anaweza kukuta moja ni lisi na la pili ni milki ya daima, ingawa udongo ni mmoja na mto ni mmoja. Asidhani basi ya kuwa hati ya jirani ni kipimo cha hati yake.

Tangu mwaka 1962 ulianza mpango mkubwa wa kuwapa Waafrika ekari milioni moja katika nyanda hizo kwa mikopo. Lakini katika Trans Nzoia mashamba mengi hayakukatwakatwa na Serikali. Yalinunuliwa yakiwa mazima. Mengine yalishikwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lililoundwa mwaka 1965. Mengine yalinunuliwa na matajiri, na mengine na watu wa kawaida waliouza ng'ombe, wakachanga hisa, wakaunda kampuni au chama cha ushirika, kisha wakagawana shamba kwa kamba na vigingi.

Hapo ndipo shida ya kwanza ya wenyeji wapya ilipozaliwa. Katika rejista ya Serikali, jina lililoandikwa lilikuwa la kampuni au la viongozi wake. Mwenye hisa alikuwa na stakabadhi, na kipande alichoonyeshwa. Aliyefariki kabla ya shamba kupimwa na kugawanywa kisheria aliwaachia watoto stakabadhi, si hati. Watoto walipouza kipande hicho, walimuuzia mtu tumaini la kupata hati. Aliyenunua naye akakata mara mbili, akamuuzia wa tatu. Hivyo mnunuzi wa leo anaweza kuwa mtu wa nne katika mlolongo ambao hata mmoja wao hakuandikwa rejistani. Hisa katika kampuni ni mali halali, lakini hisa si ardhi. Aliyenunua kipande cha namna hiyo yampasa kwanza kujua kama shamba lenyewe ni lisi au milki ya daima, kama rehani ya mkopo wa zamani imelipwa, na kama mgawanyo umekubaliwa na kuandikwa.

Mwaka 1967 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo hutumika kwa ardhi ya kilimo. Kwa sheria hiyo, kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawanya ardhi ya kilimo hakuna nguvu bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Ombi lapasa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Lisipopelekwa, mapatano huwa batili, na anayebaki mle shambani kwa mapatano hayo aweza kuhesabiwa amevunja sheria. Haki aliyo nayo ni kudai arudishiwe fedha zake. Ni kweli ya kuwa tangu mwaka 2014 Mahakama ya Rufani, katika kesi kadhaa, imewaokoa wanunuzi waliokwisha lipa na kukaa, kwa kusema muuzaji hawezi kula fedha za mtu kisha akajificha nyuma ya sheria. Lakini mtu mwenye busara hajengi nyumba akitegemea kuokolewa na mahakama baada ya miaka kumi ya kesi.

Wengine huuliza kwa nini Serikali huru ilibakiza sharti la idhini, ilhali ndilo lililotuumiza. Jibu ni hili: chombo kilibaki, kazi yake ikabadilika. Gavana alikuwa akiuliza rangi ya mnunuzi. Bodi huuliza kama jamaa ya muuzaji itabaki na mahali pa kuishi, kama mke anajua, na kama shamba litagawanywa hadi lisifae kulimwa. Wanawake wengi wamenusurika kufukuzwa kwa sababu ya kikao kimoja cha Bodi. Kwa hiyo anayemshauri jirani yake akwepe Bodi ili kupunguza gharama humshauri avunje ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

PLOTI ZA MJI NA BARUA ZA UGAWAJI

Sheria hiyo ya 1967 haikuwekwa kwa ajili ya viwanja vya ndani ya miji. Matisi iko pembeni mwa Kitale, mahali mji unapokutana na mashamba, kwa hiyo mnunuzi hapa hana budi kuuliza kwanza: kiwanja hiki kimeandikwa kama ardhi ya kilimo au kama ardhi ya mji? Jibu hubadilisha njia yote itakayofuatwa, idhini itakayotafutwa, na ushuru utakaolipwa.

Katika mji, lisi ya Serikali kwa desturi ilianza kwa barua ya ugawaji. Barua hiyo ilimwambia mtu ya kuwa amekubaliwa kupewa kiwanja fulani, endapo atakubali kwa maandishi na kulipa fedha zilizotajwa katika muda uliotajwa. Baada ya hapo kiwanja kilipimwa, lisi ikaandikwa, ikasajiliwa. Kwa bahati mbaya barua hizo ziligeuka bidhaa. Mtu alipewa barua leo, akaiuza kesho, kabla ya kulipa hata shilingi moja Serikalini. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa taarifa yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma katika nchi nzima ilivyogawiwa kinyume cha sheria: viwanja vya shule, misitu, barabara, na mashamba ya mashirika ya Serikali.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu mbili ambazo kila mwenye kununua ploti angepaswa kuzijua. Katika hukumu moja, iliyohusu kiwanja cha Nairobi, majaji walisema ya kuwa barua ya ugawaji haimpi mtu haki ya ardhi. Ni ahadi yenye masharti, na masharti yasipotimizwa hakuna cha kuuza. Katika hukumu nyingine, iliyohusu kiwanja cha ufukweni huko Mombasa, ardhi iliyokuwa imetengwa kuwa mahali pa wazi pa umma ilikuwa imegawiwa mtu mwaka 1989, kisha ikauzwa mpaka ikafika kwa kampuni iliyosema imenunua kwa nia njema na ina hati mkononi. Mahakama ilisema hati haitoshi. Ikiwa ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, kila hati iliyozaliwa nao ina kasoro ile ile, na nia njema ya mnunuzi wa mwisho haiiponyi.

Maana yake kwa mtu wa Matisi ni kubwa. Zamani ilidhaniwa ya kuwa kazi ya mnunuzi imekwisha akishaona jina la muuzaji katika rejista. Sasa yampasa kurudi nyuma hadi shina: kiwanja hiki kilitoka katika shamba gani, nani alikigawa, kwa uwezo gani, na kabla ya hapo kilikuwa kimetengwa kwa kazi gani? Ikiwa ramani ya mji inaonyesha uwanja wa shule, soko au njia, hati iliyo juu yake ni mzigo na si mali.

MIAKA INAYOKWISHA

Lisi ina mwisho, na mwisho huo hufika kweli. Uingereza yenyewe ilijifunza hayo. Mwaka 1898 iliikodi kutoka China ardhi iliyo nyuma ya Hong Kong kwa miaka 99. Mwaka 1997 muda ukaisha, nayo ikairudisha Hong Kong yote, pamoja na kile kisiwa ilichokuwa imepewa kwa daima, kwa kuwa mji haukuweza kuishi bila ile sehemu ya kukodi. Jirani zetu wa Tanganyika nao walichagua njia yao: sheria ya mwaka 1963 iligeuza milki zote za daima kuwa lisi za Serikali za miaka 99, na mwaka 1969 lisi hizo zikageuzwa kuwa haki za kutumia ardhi ya umma. Kenya haikufuata njia hiyo kwa raia wake, lakini Katiba iliyoanza kazi tarehe 27 Agosti 2010 iliweka mpaka kwa wageni. Asiye raia hawezi kuwa na haki ya ardhi izidiyo lisi ya miaka 99. Milki ya daima na lisi za miaka 999 zilizokuwa mikononi mwa wageni zilikatwa siku hiyo zikawa za miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu wenye hisa wote ni raia. Basi anayenunua kutoka kwa kampuni yenye mgeni hata mmoja asisome miaka 999 iliyochapwa katika karatasi kuukuu akafurahi. Miaka hiyo haipo tena.

Kwa viwanja vya mji, hesabu ni rahisi lakini watu wengi hawaifanyi. Lisi ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1936 humalizika mwaka 2035. Miaka haihesabiwi tangu siku ya kununua. Huhesabiwa tangu siku iliyoandikwa katika lisi ya kwanza. Watu watano wanaweza kuinunua mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hupokea kilichobaki tu. Lisi iliyobakiwa na miaka 12 haifai kulipiwa bei ya lisi iliyobakiwa na miaka 70, na benki nyingi hazitaikubali kuwa rehani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ilimpa mwenye lisi anayemaliza muda haki ya kufikiriwa kwanza, mradi awe raia wa Kenya na ardhi iwe haihitajiwi na Serikali kwa kazi ya umma. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliitaka Tume ya Taifa ya Ardhi impelekee mwenye lisi barua ya rejista kumjulisha siku ya mwisho, ndani ya miaka 5 kabla haijafika. Hapa pana jambo dogo lenye hatari kubwa. Barua hupelekwa kwa jina na anwani zilizo katika rejista. Aliyenunua kwa karatasi ya mapatano asisajiliwe hatapata barua. Itakwenda kwa muuzaji aliyehama zamani, au kwa marehemu. Mtu anaweza kulala katika nyumba yake akidhani ana ardhi, kumbe muda umepita bila mtu kumgongea mlango.

YAMPASAYO MNUNUZI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ardhi ni rejista, na ofisi yake kwa wilaya yetu iko Kitale. Jambo la kwanza, kabla ya arubuni, ni kufanya upekuzi rasmi, ambao watu huuita sachi. Upekuzi huonyesha jina la mwenye haki, ukubwa wa kiwanja, kama ni lisi au milki ya daima, na kama kuna rehani au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Mnunuzi asikubali sachi aliyoletewa na muuzaji; aifanye mwenyewe, na airudie karibu na siku ya kulipa.

La pili, aisome lisi yenyewe, si hati ya mbele tu. Masharti humo hutaja kazi ya kiwanja, kama ni makao au biashara, muda wa kumaliza jengo, na kama yaruhusiwa kugawanya. Ikiwa lisi yasema isihamishwe bila ridhaa ya aliyeitoa, msajili hataandika jina jipya mpaka ridhaa hiyo ionyeshwe. Anayenunua kiwanja cha makao ili ajenge duka la jumla yampasa kutafuta kibali cha kubadili matumizi kabla ya kuchimba msingi.

La tatu, amchukue mpima wa ardhi aliyeandikishwa aje aonyeshe mawe ya mpaka. Ploti nyingi zimeuzwa kwa kuonyeshwa mti au ua wa michongoma, na namba ya hati ikawa ya kiwanja kingine.

La nne, mapatano yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi. Hivyo ndivyo sheria inavyotaka. Karatasi iliyoandikwa mbele ya chifu au mzee wa mtaa yaweza kusaidia kuonyesha mlichopatana, lakini haihamishi lisi. Kinachohamisha ni kuandikwa rejistani. Isitoshe, katika machafuko ya mwaka 1991 na 1992, na tena ya 2007 na 2008, watu wengi wa Trans Nzoia walikimbia makao yao. Aliyeandikwa rejistani aweza kuomba hati mpya badala ya iliyopotea; karatasi ya mapatano ikiungua, haina nakala Serikalini.

La tano, ahesabu gharama zote. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mji na asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani. Kuna pia ada ya wakili, ya mpima na ya usajili. Arubuni, ambayo kwa desturi ni asilimia 10, ishikwe na wakili na isitiwe mfukoni mwa muuzaji kabla ya idhini kupatikana.

YAMPASAYO MUUZAJI

Muuzaji naye ana wajibu, na asiyeutimiza huweza kujikuta mahakamani. Yampasa kulipa malimbikizo ya kodi ya ardhi kwa Serikali na ya kodi ya kiwanja kwa kaunti, kwani bila vyeti vya kuonyesha hadaiwi, uhamisho hausajiliwi. Yampasa pia kulipa kodi ya faida aliyoipata katika kuuza, ambayo tangu mwaka 2023 ni asilimia 15 ya faida hiyo.

Zaidi ya hayo kuna haki za jamaa. Kwa sheria ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mume na mke wote wawili. Mume asiseme jina ni lake peke yake. Sheria haiulizi jina tu, huuliza ndoa. Na kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ardhi ya marehemu haiwezi kuuzwa mpaka mahakama imethibitisha wasimamizi wa urithi. Mtoto mkubwa anayeuza ploti ya babaye arobaini haijapita huuza kisicho chake, na ndugu zake wadogo wana haki ya kuidai baadaye, hata kama fedha zimekwisha liwa. Mnunuzi wa bei rahisi kutoka kwa jamaa iliyo katika msiba hununua kesi.

NENO LA MWISHO

Katika historia hii tumeona ya kuwa ardhi ya nchi ya Kitale ilichukuliwa kwa karatasi, ikalindwa kwa karatasi, na ikarudi kwa karatasi. Walioipata mwaka 1919 walijua kusoma kila sharti la lisi zao na walijua nani wa kumwendea ili liongezwe. Sisi tuliotoa jasho kuipata tusiishike kwa maneno ya mdomo.

Kwa hiyo kila mwanachama mwenye ploti yafaa afanye mambo manne kabla ya mwaka mwingine kupita. Aende ofisi ya ardhi akaone jina lililoandikwa. Ahesabu miaka iliyobaki na kuiandika mahali ambapo mkewe na watoto wake wataiona. Ahakikishe anwani yake rejistani ni ile anayopokelea barua. Na ikiwa alinunua bila kusajiliwa, amtafute muuzaji akiwa bado hai, kwa maana sahihi ya mtu aliye hai hupatikana kwa siku moja, lakini ya marehemu hutafutwa mahakamani kwa miaka.